Katibu wa Kijiji na Faini ya Milioni 6: Taka za Jinja na Mbale

Katika kila kijiji cha Uganda, na katika kila seli ya mjini, sheria imemweka mtu mmoja aliyekabidhiwa mazingira. Cheo chake ni katibu wa uzalishaji na hifadhi ya mazingira, naye ni mjumbe wa kamati ya LC1, yaani baraza la kijiji. Mwenyekiti wa kamati hiyo anajulikana na kila mtu kwa kuwa ndiye mwenye muhuri. Ukitaka barua ya utambulisho, ukitaka kumdhamini ndugu yako polisi, ukitaka kununua kiwanja kwa amani, utapita kwake. Katibu wa mazingira hana muhuri, hana ofisi, hana pikipiki wala glavu. Mwenyekiti mwenyewe kwa miaka mingi amelipwa na serikali shilingi 120,000 kwa mwaka, yaani 10,000 kwa mwezi. Wajumbe wake wanafanya kazi ya kujitolea.

Juu kabisa ya ngazi hiyohiyo, mwaka 2024, Mamlaka ya Taifa ya Mazingira, NEMA, ilitangaza kwamba mtu anayetupa taka kutoka ndani ya gari anaweza kutozwa faini ya papo hapo ya shilingi milioni 6. Kwa dereva wa taksi anayebeba abiria kati ya Jinja na Mbale, hizo zinakaribia bei ya pikipiki mpya ya bodaboda. Mabaraza ya miji nayo, yanapotunga sheria ndogo, yamefungwa na kiwango cha pointi mbili za sarafu. Pointi moja ni shilingi 20,000, kwa hiyo adhabu kubwa kabisa ya pesa ambayo baraza linaweza kuiandika ni shilingi 40,000.

Faini ya kwanza inatisha kiasi kwamba ofisa mwenye huruma atasita kuitoza, na asiye na huruma atapata mwanya wa kudai kitu kidogo. Ya pili haimtishi mwenye hoteli hata kidogo. Kati ya faini hizo mbili ndipo Jinja na Mbale zinapohangaika kila siku na maganda ya matoke, mitaro iliyoziba, vyoo vinavyofurika na spika zinazopiga kelele hadi alfajiri. Nimeifuatilia habari hii kwa muda, na ninaamini jambo moja kwa dhati: vita vya taka vitaamuliwa kule chini, kwa yule katibu asiye na muhuri, lakini hana haki ya kumgusa mtu yeyote kabla baraza la mji lenyewe halijatimiza wajibu wake.

Wajibu huo si wa jana. Sheria ya Afya ya Umma ilitungwa mwaka 1935, Uganda ikiwa bado chini ya Mwingereza, na humo kila mamlaka ya eneo imeagizwa kuchukua hatua zote halali na zinazowezekana ili eneo lake liwe safi wakati wote. Wa kwanza kuagizwa ni baraza, kisha ndipo mwananchi anapokuja. Faini za sheria hiyo zilibaki ndogo mno hadi Bunge lilipoirekebisha miaka ya karibuni, lakini amri yake kwa mabaraza haijachakaa. Katiba ya 1995 nayo imeyafunga mambo hayo mawili pamoja. Ibara ya 39 inampa kila Mganda haki ya mazingira safi na yenye afya, na ibara ya 17 inamtwika wajibu wa kuyatunza.

Tuanze na Jinja, kwa sababu Jinja iliwahi kujaribu jambo kubwa.

Taka nyingi za miji ya Uganda ni za kuoza. Matoke huingia sokoni na mikungu yake, hufungwa kwa majani ya migomba, humenywa, na maganda yake ni mzigo unaokaribia kulingana na chakula chenyewe. Ongeza mabua ya mahindi, maboga yaliyooza, matumbo ya samaki kutoka mwalo wa Masese, ndipo utaelewa kwa nini kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, hawaondoki mjini. Taka za namna hii zikifukiwa kwa pamoja bila hewa hutoa methani, gesi inayopasha joto dunia kuliko hewa ya ukaa. Zikipangwa matuta marefu yanayogeuzwageuzwa ili hewa ipite, huwa mboji.

Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu ya mpango ulioanzishwa na NEMA pamoja na Benki ya Dunia, ukasajiliwa mwaka 2010 chini ya utaratibu wa Itifaki ya Kyoto. Miji kadhaa, Jinja na Mbale ikiwemo, ilijengewa viwanda vya mboji. Cha Jinja kiliwekwa Masese. Mji ungeokoa methani, methani ingehesabiwa, hati za kaboni zingeuzwa nje, na pesa zingerudi kununua mafuta ya malori na kulipa wafanyakazi wa kugeuza matuta. Mkulima naye angepata mbolea ya bei nafuu. Kwenye karatasi, maganda ya matoke ya Jinja yangejilipia safari yao wenyewe.

Soko la hati hizo likaporomoka. Mwaka 2008 hati moja ya tani iliuzwa hadi kupita yuro 20, na mwaka 2012 ulipokwisha ilikuwa chini ya yuro moja. Mji wa Afrika Mashariki uliopanga bajeti ya taka kwa kutegemea viwanda vya Ulaya kununua haki ya kuchafua ulijikuta umeshika jembe lisilo na mpini. Hilo halikuwa kosa la Jinja. Lakini lilionyesha kwamba hakuna baraza lililokuwa limejibu swali la msingi: nani atalipa lori lipite kila siku, mwaka hata mwaka, wafadhili wakiondoka?

Palikuwa na kikwazo cha pili, nacho kilitoka majumbani. Mboji haitaki kaveera. Mfuko mmoja wa plastiki ukikatikakatika ndani ya tuta, huchanganyika na udongo, na mkulima akikuta vipande vya rangi ndani ya gunia hanunui tena. Taka za Jinja, kama za miji yote, zilifika zikiwa zimechanganyika, maganda, betri, vitambaa vya watoto na chupa ndani ya mfuko mmoja. Kutenganisha taka ni kazi ya jikoni, si ya jalalani. Anayechambua jalalani huchambua kwa mikono mitupu mambo ambayo mwenye nyumba angeyatenganisha kwa kuweka ndoo mbili.

Hapo ndipo serikali kuu inapobeba lawama kubwa kuliko baraza lolote. Katazo la kaveera lilitangazwa kwenye bajeti ya 2007, likaandikwa katika Sheria ya Fedha ya 2009. Mwaka 2012 Mahakama Kuu, katika shauri lililofunguliwa na shirika la Greenwatch, iliona kwamba mifuko hiyo inavunja haki ya mazingira safi. Aprili 2015 NEMA ikaanza msako masokoni, ukaishia njiani. Sheria ya Mazingira ya 2019 ikakataza tena mifuko myembamba kuliko maikroni 30. Wakati huo Rwanda ilikuwa imeshapiga marufuku tangu 2008, Kenya mwaka 2017, na Tanzania Juni 2019, na katika nchi hizo tatu mfuko wa kubebea bidhaa umepungua machoni pa watu. Uganda imekataza mara nyingi, na nyanya za Jinja bado zinafungwa ndani ya kaveera. Sheria ikitangazwa mara nne bila kutekelezwa humfundisha mchuuzi kwamba tangazo la tano nalo litapita. Huyo katibu wa kijiji utamwambiaje akamtoze jirani yake faini kwa mfuko ambao duka la jumla linauuza kwa mafungu?

Sasa tuje kwenye namna sheria inavyopaswa kufanya kazi, kwa sababu wengi wetu tunaijua sehemu moja tu, ile ya askari wa baraza wanaokimbizana na wachuuzi. Sheria ya 1935 ina utaratibu wa kero, na kwa maoni yangu ni utaratibu wenye hekima. Kero imeorodheshwa: mtaro unaonuka, rundo la taka, choo kilichojaa, nyumba iliyosongamana watu kupita kiasi, kiwanda chenye moshi unaodhuru. Ofisa afya akiiona hampeleki mtu rumande. Anamwandikia ilani inayosema kero ni ipi, iondolewe vipi na kwa muda gani. Muda ukipita bila kitu kufanyika, ndipo shauri linakwenda kwa hakimu, naye anaweza kuamuru kazi ifanyike kwa gharama ya mwenye mali.

Tazama ilani hiyo inamwangukia nani. Kasoro ikiwa ya jengo lenyewe, inamwangukia mwenye nyumba. Katika mitaa ya vyumba vya kupanga ya Walukuba na Mpumudde kule Jinja, au Namakwekwe kule Mbale, familia nyingi hutumia choo kimoja. Mpangaji hana mamlaka ya kuchimba kingine, wala hana pesa ya kuita gari la kunyonya. Mwenye nyumba anakusanya kodi kila mwezi, na mara nyingi haishi hapo. Choo kikijaa, watoto huenda mtaroni, na usiku mifuko yenye kinyesi hurushwa. Ukimkamata mtoto au mama yake umekamata dalili, na ilani ikimfuata mwenye hati ya kiwanja hadi alipo umefika kwenye ugonjwa. Kwa bahati mbaya kumkamata mchuuzi wa ndizi ni rahisi, yuko barabarani na hana wakili. Mwenye nyumba mara nyingine ni rafiki wa diwani, au ni diwani mwenyewe.

Mbale ina historia inayoumiza zaidi. Wazee wa mji huu wanakumbuka, na hata nje ya Uganda wako wanaokumbuka, kwamba baada ya uhuru Mbale ilisifiwa kuwa mji safi kuliko yote nchini, wengine wakasema Afrika Mashariki nzima. Mji ulipangwa vizuri chini ya mwamba wa Wanale, na mito inayoshuka kutoka Mlima Elgon ikiupitia. Ukisimama karibu na mnara wa saa leo bado unauona ule mpango wa zamani, barabara pana na miti, ingawa mitaro imegeuzwa mapipa.

Mito hiyo ndiyo inayofanya taka za Mbale kuwa jambo la uhai na kifo. Usiku wa kuamkia Jumapili, Julai 31, 2022, mvua kubwa ilinyesha milimani, mito ya Nabuyonga na Namatala ikavunja kingo. Zaidi ya watu 20 walikufa. Nyumba, mazao na madaraja vilisombwa, mabomba ya maji yakavunjika, na mji uliokuwa umejaa maji ukakosa maji safi ya kunywa. Sitaki kudai kwamba mifuko na chupa zilileta mafuriko yale. Mvua ilikuwa kubwa, misitu ya Elgon imepungua, na watu wamejenga hadi ukingoni mwa mto, mahali ambapo kanuni za 2000 za ardhioevu, kingo za mito na fukwe za maziwa zinakataza. Lakini kila anayeishi bondeni anajua mtaro uliojaa taka unavyofanya maji yanapokuja: yanapanda barabarani, yanaingia madukani na vyumbani, kisha yanaacha matope yenye kila kitu ambacho mji ulikuwa umekificha. Anayemwaga ndoo ya taka mtaroni Namatala hawezi kusema anachafua kwake tu. Maji yatazipeleka kwa jirani wa chini kabla ya jua kuchwa.

Tena majirani wa chini ni wengi. Mto Namatala unaingia kwenye ardhioevu inayobeba jina lake, ambako mpunga unalimwa na ambako pia maji ya mabwawa ya majitaka ya Mbale huishia, kisha maji hayo yanajiunga na mto Mpologoma kwenda Ziwa Kyoga. Mto Nile ukitoka Ziwa Victoria pale Jinja nao unakwenda Kyoga hiyohiyo. Kwa hiyo miji hii miwili, iliyotenganishwa na mashamba ya miwa ya Busoga na vilima vya Bugisu, inatupa taka zake kwenye sahani moja ya mvuvi wa Kyoga. Mvuvi huyo hana kura Jinja wala Mbale, na hakuna diwani yeyote wa miji hiyo anayemwogopa.

Kuhusu kelele nitasema machache. Kanuni za 2003 zimeweka kikomo kwa nyumba za kuishi, desibeli 50 mchana na 35 usiku, na mabaa na makanisa ya kukesha yaliyo katikati ya makazi huvuka kikomo hicho bila kificho. Kwa mgonjwa, mtoto mchanga na mwanafunzi wa mtihani, kelele ya kila usiku ni uchafu kama mwingine wowote. Tofauti yake ni kwamba haihitaji lori. Mwenyekiti wa LC1 akienda na wajumbe wake saa nne usiku kugonga mlango, mara nyingi yatosha, ikiwa tu hakunywea humo bure.

Turudi basi kwa LC1, kwa kuwa wengi hawajui kwamba baraza la kijiji ni mahakama pia. Sheria ya Mahakama za Mabaraza ya Mitaa ya 2006 inaziruhusu kusikiliza mashauri ya kuvunja sheria ndogo. Zinaweza kutoza faini, kuamuru fidia, kudai radhi, au kumpa mtu kazi ya jamii. Hakuna wakili, hakuna kanzu nyeusi, lugha ni ile ya mtaani, na wanaohukumu wanamjua mkosaji na mama yake. Mwaka 2007 Mahakama ya Katiba iliamua kwamba mabaraza yaliyochaguliwa chini ya mfumo wa zamani usio na vyama hayakuwa halali tena, na uchaguzi mpya wa LC1 haukufanyika hadi Julai 2018. Kwa zaidi ya miaka 10 mahakama iliyo karibu zaidi na mtupa taka ilikuwa na mashaka juu ya uhalali wake. Jinja na Mbale ziliendelea kukua katika kipindi hichohicho, na Julai 1, 2020 zote mbili zikapandishwa kuwa majiji na kumeza vijiji vya pembezoni ambavyo havikuwahi kuona lori la taka.

Katika mahakama hiyo ndogo, shilingi 40,000 si pesa ndogo, na kazi ya jamii ni adhabu nzito kuliko pesa. Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2000 inawaruhusu hata mahakimu kumpa kazi mkosaji wa makosa madogo badala ya kumfunga. Mtu aliyemwaga taka mtaroni akizibua mtaro uleule kwa siku tatu mbele ya majirani, mchana kweupe, atakumbuka kuliko aliyelipa na kwenda zake. Wala si lazima kumdhalilisha. Apewe koleo na buti, na kazi aliyoifanya iandikwe kwenye daftari la kijiji.

Je, faini ndogo ndogo zinaweza kubadili mji? Tazama mji wa Moshi, Tanzania. Nao ni mji ulio chini ya mlima, kama Mbale, nao ulirithi sifa ya usafi, lakini wenyewe haukuipoteza. Huko mgeni anayetupa ganda la ndizi stendi huambiwa mara moja na mwenyeji aliye karibu, kwa sababu wanajua ipo faini ya shilingi 50,000 za Tanzania na wanajua inatozwa kweli. Ukweli wa faini ndio unaomfundisha mtu, si ukubwa wake. Na pipa lipo hatua chache, limemwagwa asubuhi.

Pipa lililomwagwa ndilo tatizo la pesa, na pesa za mabaraza ya Uganda zilipata pigo moja ambalo halijapona. Mwaka 2005 serikali ilisimamisha kodi ya kichwa, graduated tax, iliyochukiwa kwa haki kwa namna ilivyowasumbua maskini, lakini iliyokuwa mfupa wa mapato ya serikali za mitaa. Tangu hapo mabaraza yanategemea sana ruzuku kutoka Kampala, na ruzuku nyingi huja zikiwa na jina tayari: elimu, afya, barabara. Mafuta ya lori la taka mara chache yana jina. Kila uchaguzi unapokaribia, meya hataki kusikia habari za kutoza wananchi ada ya taka, na baada ya uchaguzi lori limeharibika.

Agosti 10, 2024 jalala la Kiteezi pembeni mwa Kampala liliporomoka na kuua watu 35, wengi wakiwa majumbani mwao. Wakuu wa mamlaka ya jiji walifukuzwa kazi mwezi uliofuata. Miji mingine ikaanza kutazama majalala yake kwa hofu, na ilipaswa kutazama. Jinja na Mbale hazijafikia ukubwa wa Kampala. Bado zina nafasi ya kurudisha taka za kuoza shambani badala ya kuzirundika mlima, na viwanda vya mboji vilishajengwa tayari kwa pesa za watu wengine.

Kwa hiyo, baraza lipeleke lori kwa ratiba iliyobandikwa kwenye mlango wa mwenyekiti wa LC1, na lori lisipofika katibu wa mazingira aandike tarehe. Ilani za kero waandikiwe kwanza wenye nyumba na wenye hoteli, ndipo wachuuzi. Sheria ndogo itafsiriwe Lusoga, Lumasaba na Kiswahili, isomwe kwenye mikutano ya seli, kisha mahakama ya LC1 ipewe ruhusa ya kubakisha sehemu ya faini kijijini kwa ajili ya koleo, buti na glavu. Faini ya milioni 6 ibaki kwa wenye viwanda na malori yanayomwaga usiku.

Mabaraza hufanya mikutano ya bajeti kabla ya mwaka wa fedha, na sheria inayataka yapitishe bajeti zao kufikia Mei 31, kwa kuwa mwaka mpya huanza Julai 1. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kuuliza. Aulize kifungu cha mafuta ya lori la taka kina shilingi ngapi, kiligharimu ngapi mwaka uliopita, na seli yake itapitiwa siku gani za wiki.